Namna ya kuifuatilia asili ya neno gingerly bila kudanganywa na tangawizi

Mtu akikuambia kwa Kiingereza kwamba fulani aliteremka ngazi gingerly, anakusudia kukueleza kuwa mteremkaji huyo alikuwa na hadhari iliyopita kiasi, hadhari ya mtu anayeujaribu ubao kwa kidole cha mguu kabla ya kuuamini, na ambaye lau angepewa hiari asingeteremka kabisa. Neno hili nililisoma skuli na nikadhani nimelimaliza. Miaka ya baadaye, nilipokuwa nikiwatembeza wageni katika mashamba ya viungo ya Kizimbani, nililigeuza kuwa kitumbuizo changu: nilikuwa nikichutama kwenye tuta la tangawizi, nikifukua udongo kwa ncha za vidole ili nisiuvunje mzizi, kisha nikiwaeleza wageni kwamba Waingereza walilipata neno lao papo hapo, kwa kuwa ginger ndiyo tangawizi na hivyo ndivyo inavyochimbwa. Wageni walicheka, walipiga picha, na bakhshishi haikukosekana. Siku moja bibi mmoja mtu mzima, ambaye kwao alikuwa amesomesha lugha, aliwasubiri wenzake watangulie kwenye mdalasini, akaniambia kwa upole kwamba hadithi yangu ni nzuri lakini si ya kweli. Kwa mdomo nilimshukuru. Moyoni nilimwona mchimvi.

Maelekezo haya nimeyaandika kwa waongozaji wageni, walimu na wafasiri wa Unguja na Pemba ambao wanataka kuijua asili ya neno la Kiingereza na hawataki kuumbuka kama nilivyoumbuka mimi. Neno gingerly ndilo nitakalolitumia kuonyesha njia, kwa sababu mtego wake uko wazi mno kwa watu wa visiwa vya viungo.

Anza kwa kulikusanya neno likiwa ndani ya sentensi za watu wengine. Usizitunge mwenyewe, maana ukizitunga utazielekeza kule ulikokwisha kudhania, bila hata ya kujijua. Tafuta sentensi tano au sita katika magazeti na vitabu, uzinakili kwenye daftari, na pembeni mwa kila moja uandike ni nani anafanya nini na kwa sababu gani. Kwa neno letu utamkuta mtu anayegusa kidonda, mtu anayepita juu ya mwamba wenye utelezi maji yakiwa yamekupwa, mtu anayefunua chungu asichojua kilichomo, na pia mtu anayegusia jambo la aibu mbele ya wakwe zake. Wote hao wanagusa kidogo, wanakwenda polepole, na wana chembe ya kutotaka. Hilo la mwisho ndilo linalosahaulika, nalo ndilo linalomtesa mfasiri, kwa kuwa Kiswahili hakina neno moja linalobeba yote matatu. Kunyata kuna nia ya kutosikika, ilhali gingerly ina hofu ya kuumia au kuumiza. Kusitasita kuna kutotaka lakini hakuna wepesi wa mguso. Na kwa hadhari ni sifa njema, wakati hadhari ya gingerly huwa inakaribia kuchekesha. Ukishayaandika hayo, jiulize kama ndani ya sentensi zako umeikuta harufu, ukali au joto la tangawizi. Mimi sikuikuta, na hapo ndipo ningepaswa kushtuka mapema.

Baada ya hapo achana na swali la neno linafanana na nini, ambalo ndilo linalowapoteza wengi, uliza badala yake lilianza kuandikwa lini na siku hiyo ya mwanzo lilikuwa na maana gani. Chombo kikuu cha kulijibia swali hili ni kamusi kubwa ya Oxford, ambayo wazo lake lilitolewa mwaka 1857 na chama cha wanafilolojia cha London, sehemu yake ya kwanza ikachapishwa mwaka 1884, na kazi nzima ikakamilika mwaka 1928, miaka 13 baada ya kufa kwa James Murray, mhariri wake mkuu aliyeitumikia kwa miaka mingi. Ubora wa kamusi hiyo uko katika desturi yake ya kuweka chini ya kila maana mifano yenye tarehe, ikianza na wa kale zaidi, na mifano hiyo ilikusanywa na maelfu ya wasomaji wa kujitolea waliokuwa wakituma vikaratasi kwa posta. Toleo lake la intaneti ni la kulipia, lakini kamusi ya asili ya maneno iliyoandaliwa na Douglas Harper ipo bure, inafunguka hata kwenye simu yenye mtandao wa kusuasua, na kwa kazi ya kawaida inatosha.

Namna ya kuisoma ndiyo inayohitaji mazoea. Usikimbilie maana ya leo. Teremka hadi kwenye maana kongwe kuliko zote, kisha panda nayo taratibu kuja juu. Ukifanya hivyo kwa gingerly utakuta kwamba liliandikwa kwanza katika miaka ya 1510, na wakati huo halikuwa na habari ya woga hata kidogo. Lilisemwa kuhusu watu wanaotembea au wanaocheza ngoma kwa hatua fupi fupi za madaha. Maana ya hadhari iliyopita kiasi inajitokeza karibu na mwaka 1600. Katikati ya tarehe hizo mbili yumo Shakespeare, ambaye katika mchezo wake mmoja wa miaka ya 1590 anamweka binti wa kitajiri akimuuliza mtumishi wake ni kitu gani alichokiokota gingerly namna ile, na kitu chenyewe kilikuwa karatasi iliyokuwa barua. Isome sentensi hiyo upendavyo: unaweza kumwona mtumishi akiinama kwa madaha, na unaweza kumwona akiinama kwa kuogopa. Sentensi za namna hii, ambamo maana mbili zinakaa pamoja bila kugombana, ni hazina kwa mfuatiliaji wa maneno, na kila ukiikuta moja uipigie mstari.

Hapa pana jambo ambalo lazima niliseme kwa uadilifu. Tarehe peke yake haikutosha kuiachia huru tangawizi. Jina la tangawizi lilikuwamo katika Kiingereza cha kale karne nyingi kabla ya miaka ya 1510, kwa hiyo mtu anayetaka neno hilo lizae gingerly hawezi kukataliwa kwa hoja ya umri. Mara nyingine tarehe hukata shauri mara moja, kwa mfano unapogundua kwamba neno linalodaiwa kuwa mtoto limemtangulia mzazi kwa miaka mia, lakini mara nyingi inakubidi uendelee.

Endelea basi kwa kulipasua neno vipande na kuuliza kila kipande kazi yake. Mwisho wa gingerly ni kiambishi -ly, ambacho chimbuko lake ni neno la Kiingereza cha kale lenye maana ya mwili au umbo, hivyo kwamba kutenda jambo kwa -ly fulani ni kulitenda kwa umbo la kitu fulani. Kwetu kazi hiyo hufanywa na ki- tunaposema kitoto, kizee au kiungwana. Viambishi hivi havijibandiki ovyo: -ly inayoonyesha namna ya kutenda hupenda kushika maneno ya sifa, na tangawizi ni kitu, si sifa. Hoja hii peke yake haimfungi mtu, lakini inakuelekeza utafute sifa fulani inayofanana kwa sauti na kipande cha kwanza. Kamusi zimeitafuta, na sifa zinayoitaja ni ya Kifaransa cha kale, gensor au gençor, yaani mwenye madaha zaidi, aliye mzuri zaidi. Mzizi wake ni gent, uliotoka katika Kilatini kwa maana ya aliyezaliwa, na kwa mkazo unaoeleweka, aliyezaliwa kwenye ukoo mwema.

Msomaji wa Kiunguja hahitaji kuelezwa sana njia hiyo, kwa kuwa neno letu muungwana limepita humo humo. Zamani muungwana alikuwa mtu huru kwa kuzaliwa, asiye mtumwa. Leo unaweza kumwambia mtoto wa yeyote yule awe muungwana, nawe ukakusudia tu asiseme na mdomo umejaa. Kuzaliwa kuligeuka kuwa mwenendo. Kwa hiyo ukitaka kumpa mwanafunzi wako picha ya gingerly katika siku zake za mwanzo, mwambie kwamba ilikuwa jirani sana wa kiungwana, na bila shaka atalishika neno hilo haraka kuliko kwa fafanuzi zote za darasani.

Sasa inabaki kazi ninayoipenda kuliko zote, ya kujenga daraja kati ya maana kongwe na maana mpya. Kamusi itakupa gati mbili, lakini daraja lenyewe huna budi kulijaribu kwa macho yako, na jaribio zuri ni kutafuta tukio moja la kawaida ambalo maana zote mbili zinaweza kulieleza. La kwangu nililipata nyumbani kwetu, usiku wa kuamkia harusi ya mdogo wangu. Alikuwa amepakwa hina nyayoni na kuchorwa maua ya piko hadi juu ya vifundo, na rangi haijakauka, pale alipotaka kwenda msalani. Somo wake alimshika kiwiko. Yeye akaikusanya kanga mpaka katikati ya miundi, akanyanyua vidole vyote kumi juu, akaanza kuvuka ukumbi kwa visigino, hatua ndogo ndogo, mabega yakiyumba. Shangazi aliyekuwa ameketi mlangoni alipiga kigelegele na kusema kwamba mtoto ana madaha huyu. Madaha hayakuwapo. Ilikuwapo hofu tupu ya ua kuharibika na mchoraji kuitwa tena saa sita za usiku. Ukimwangalia kwa mbali anacheza, ukimshika kiwiko anatetemeka, na Mwingereza wa mwaka 1510 na wa mwaka 1600 wangeweza kuketi pamoja na shangazi mlangoni, kila mmoja akasema gingerly kwa maana yake, na wote wawili wakawa wamesema kweli. Maneno hubadilika maana katika matukio ya namna hiyo, pale msikilizaji anapoona sababu tofauti na ile aliyoikusudia msemaji.

Usilifunge daftari kabla ya kumrudia mshukiwa uliyemwachia na kumfuatilia mwenyewe hadi kwao. Jina ginger lilifika Uingereza kutoka Kilatini, Kilatini kililichukua kwa Wagiriki walioliita zingiberis, na Wagiriki walilipata kutoka lugha za Bara Hindi. Katika Kisanskriti jina lake linasomeka kama mwili wenye umbo la pembe, jambo linaloaminika mara moja na yeyote aliyeushika mzizi wa tangawizi mkononi, ila wataalamu wanaona uwezekano kwamba hata hiyo ni hadithi iliyotungwa baadaye, yaani Wahindi wa kaskazini walilipokea jina la watu wa kusini, wanaoiita tangawizi inchi hadi leo, wakalinyoosha mpaka likasikika kama pembe. Mtego nilionaswa nao mimi Kizimbani huenda ulikwisha kuwanasa watu wengine maelfu ya miaka iliyopita, tena kwa mzizi ule ule! Waarabu wanaiita zanjabil, nayo imetajwa katika Sura ya 76 ya Qur'ani, aya ya 17, kuwa ni mchanganyiko wa kinywaji cha watu wa peponi.

Tazama pia tabia ya jina hilo ndani ya Kiingereza chenyewe, maana familia ya maneno huwa na tabia moja. Kila mahali ginger inapotumiwa kwa mfano, inasimamia uchangamfu na ukali: kumtia mtu ginger ni kumchangamsha, na wauza farasi wa karne ya 18 walikuwa wakimtia farasi mzee tangawizi mahali ambapo adabu hainiruhusu kupataja, ili mnunuzi amwone anabeba mkia juu kama kijana. Kiungo kinachomfanya farasi mchovu aruke si kiungo cha kulizalia neno la kusitasita.

Kwa sisi wa hapa ipo hatua ya ziada ambayo mtu wa kwingine asingeihitaji. Jina la Zanzibar nalo limewahi kubandikwa tangawizi, na wapo wanaoendelea kuwaeleza wageni kwamba kisiwa kimeitwa hivyo kwa sababu ya zanjabil. Yaandike majina hayo mawili kwa herufi za Kiarabu uyalinganishe. Yanakwenda pamoja kwa zei, nun, jim na be, kisha la tangawizi linaishia kwa ye na lam na la kisiwa kwa alif na re, na herufi hizo mbili si za kudharauliwa. Maelezo yanayokubaliwa na wanahistoria wengi ni kwamba jina hili lina sehemu mbili, Zanj, ambalo ndilo waandishi wa Kiarabu kama Al-Masudi katika karne ya 10 waliwaita watu weusi wa pwani hii, na bar ya Kiajemi yenye maana ya pwani au nchi. Na kwamba mwanzoni lilitaja sehemu kubwa ya pwani kabla ya kubaki na visiwa. Ipo pia ile hadithi tamu ya Zayn zal barr, kwamba baharia fulani aliona ardhi akasema ni nzuri nchi hii. Ukiulizwa na mgeni unaweza kumsimulia, mradi umwambie kuwa ni hadithi. Wenyewe kisiwa tunakiita Unguja, na jina hilo halina tangawizi kwa upande wowote.

Unapofika wakati wa kuandika ulichokipata, lihifadhi neno huenda. Kamusi hazisemi kwamba gingerly limetoka gensor. Zinasema huenda limetoka huko, kwa kuwa hatua kati ya Kifaransa cha kale na Kiingereza cha miaka ya 1510 haikuachiwa maandishi ya kutosha. Nimeona waandishi wetu wakiinakili taarifa kama hiyo na kuidondosha huenda njiani, labda kwa kuiona inapunguza heshima ya maelezo, na matokeo yake ni kuondoa uongo mmoja na kuuweka mwingine mahali pake. Andika hivi: neno hili halitokani na jina la tangawizi, limeonekana kwanza katika miaka ya 1510 kwa maana ya hatua za madaha, huenda asili yake ni sifa ya Kifaransa cha kale yenye maana ya mwenye madaha zaidi, na maana ya hadhari iliyozidi imekuja karibu na mwaka 1600. Sentensi hiyo moja inamtosha mgeni, mwanafunzi na mhariri.

Ukitaka kujua kama njia umeishika, igeuze kwenye maneno yetu wenyewe ya jambo hili hili la kuchelea. Chukua hadhari na hadhara. Kwa sikio la Kiswahili haya ni ndugu wa tumbo moja, na nimewahi kumsikia msemaji katika mkutano akieleza kwamba mtu huwa na hadhari kwa kuwa yuko mbele ya hadhara. Fungua kamusi ya Kiarabu: hadhari imo katika mzizi wa ha, dhal na re, wenye maana ya kujihadhari, na hadhara imo katika mzizi wa ha, dhad na re, wenye maana ya kuhudhuria. Ni herufi mbili tofauti kabisa ambazo ulimi wa Mswahili umeziunganisha katika dh moja. Kamusi zetu, ikiwamo Kamusi la Kiswahili Fasaha iliyotolewa na Baraza la Kiswahili la Zanzibar mwaka 2010, zitakusaidia kwa maana na matumizi, ila mizizi ya Kiarabu utaipata kwa uhakika zaidi katika kamusi ya Kiarabu, au kwa kumuuliza ustadhi wa chuoni, ambaye atakujibu kabla hujamaliza kuuliza.

Kisha chukua wasiwasi, ambalo kwa maoni yangu ndilo neno letu lililo karibu zaidi na hadhari iliyopita kiasi. Kila mtaa unamjua mwenye wasiwasi wa udhu: sala imekwisha kukimiwa, wenzake wako kwenye rakaa ya kwanza, naye bado yuko bombani anaurudia mkono wa kulia mara ya tano kwa kutoamini kuwa kiwiko kimepata maji. Fuata hatua zile zile. Kiarabu chake ni waswas, neno linaloiga mnong'ono kwa herufi zake zenyewe, na katika Sura ya mwisho ya Qur'ani ni mnong'onezi anayerudi nyuma akishatia maneno vifuani mwa watu. Ukizidi kuteremka kwenye matumizi ya Waarabu wa kale utakuta waswas ikisemwa pia kwa sauti nyepesi ya vipambo vya mwanamke anapotembea.

Nilipoisoma maana hiyo kwa mara ya kwanza nilimkumbuka mdogo wangu akivuka ukumbi kwa visigino, nikaona maneno mawili ya woga, la Kiingereza na la Kiarabu, yote yakiwa na mwanamke wa madaha anayepita mlangoni. Kabla sijafika nyumbani nilikuwa nimekwisha kuitunga hadithi nzima ya kuwasimulia wageni kwenye tuta la tangawizi. Mpaka leo sijaisimulia.